Maganda ya Mama Mkwe

Ofisini nawaambia watu "njoo wiki ijayo" kutwa nzima bila kupepesa macho. Nyumbani kwangu Mkuza kuna mtu mmoja sijawahi kumwambia hapana: mama mkwe. Yeye ndiye aliyenipa ng'ombe, tena mwenye mimba. Alipozaa ndama jike nilifurahi kama aliyepata mtoto wake mwenyewe.

Kila Jumamosi mama alitoka Kurui na gunia la maganda mabichi ya mihogo. Ng'ombe, aliyeshinda wiki nzima na majani makavu, aliyafakamia. Mama aliketi mbele ya banda akimtazama mpaka gunia liishe. Jumapili ndama anaharisha. Jumatano anapata nafuu. Ijumaa anarukaruka. Jumamosi, gunia.

Bwana mifugo alinieleza kwamba chakula cha ng'ombe kikibadilika ghafla, maziwa nayo hubadilika, na tumbo la ndama ndilo linaloumia. Maganda yaanikwe, apewe kidogo kidogo, basi. Nilimwomba mke wangu akamwambie mama yake. Akanijibu kwamba ng'ombe nilipewa mimi, si yeye, akaendelea kukuna nazi.

Nilikuwa mfungwa wa banda nililolijenga kwa mikono yangu. Jumamosi moja nilijikaza, nikakohoa, nikasema, "Mama, haya maganda..."

Akainua uso, jasho la safari halijamkauka. "Matamu, eeh? Nimeyachagua moja moja, mwanangu."

Nikasema ng'ombe anayapenda sana. Nilijichukia mpaka nikakosa hamu ya kula.

Kesho yake ndama hakuweza kusimama. Nilimnywesha maji ya chumvi na sukari, nikamfuta matako kwa kanga kuukuu ya mke wangu, nikamwomba radhi kwa sauti, mtu mzima mimi. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kiliniumbua Jumanne, wakati wa kukamua. Ng'ombe alimlamba ndama wake aliyekwisha kuwa baridi, na sikuwa na moyo wa kumwondoa.

Mama alipopata habari hakungoja Jumamosi. Alikuja siku ileile, akalia kweli, akanishika bega na kunipa pole. Kisha akamwambia mtu wa bodaboda ashushe mzigo: magunia mawili.

"Mwenzetu huyu amefiwa," akaniambia, akimtazama ng'ombe. "Tusimwache na njaa."

Nikayapokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, mama."