Mwano wa Shule

Ninyi mliosoma mkiwa mmekalia tofali, sogeeni hapa tukumbushane. Wale wanaofuatwa na basi mpaka mlangoni nao wanaweza kusikiliza, ila wasiulize maswali mengi, maana tukiwasimulia wanadhani tunawatungia.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo, kijijini kwetu nyuma ya Kagongwa, huko kwenye majaruba ya mpunga, mtoto hakwenda shule mikono mitupu. Leo ulibeba ndoo ya maji, kesho fagio, na Ijumaa samadi mbichi ya kusiliba sakafu ya darasa. Mfukoni mwa sketi nilitia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani mpaka vikawa vigumu kama kokoto. Kipande kimoja ulikitupia shavuni Hisabati inapoanza, ukawa unakifyonza polepole mwalimu asikuone, na mpaka kengele ya mapumziko inagonga ndiyo kwanza kimeanza kulainika. Watoto wangu niliwapa matobolwa siku moja, wakaniuliza kama ni dawa.

Asubuhi tulikimbia mchakamchaka peku, umande ukitulowesha magotini, tukiimba kwa sauti ya kukera ndege. Jioni ilikuwa rede kwa mpira wa matambara, au kombolela kuzunguka nyumba ya Mwalimu Mkuu, naye alikuwa akitufukuza huku anacheka. Vijana wa leo ukiwaambia wakimbie mpaka dukani wanauliza kama kuna bodaboda.

Lakini vitabu, jamani! Darasa zima la sita tulikuwa na kitabu kimoja cha Kiswahili. Kililazwa chini, nasi tukalala kifudifudi kukizunguka kama vifaranga wanaozunguka pumba. Wenye mabavu walishika upande wa chini, ambako maandishi yanasomeka vizuri. Mimi Kabula, mwembamba wa kupeperushwa, nilisukumwa kila siku upande wa juu, kwa hiyo nilijifunza kusoma maneno yakiwa miguu juu. Nikawa hodari kweli. Mpaka leo nikienda benki naisoma karatasi ya karani iliyo upande wake wa meza kabla hajaigeuza.

Wakati huo karo ilikuwa imefutwa, na Mwalimu Mkuu, mtu mrefu mpole ambaye suruali zake zote zilimwishia juu ya viatu, aliita wazazi awaeleze utaratibu mpya. Alisema serikali sasa itatoa ruzuku kwa kila mwanafunzi, ya vitabu, chaki na matengenezo ya shule. Shule yenye watoto wengi itapata nyingi, yenye wachache itapata kidogo. Wazazi walitazamana.

"Ni kama josho," mama yangu akawaambia wenzake. "Hawawezi kukuchimbia josho kubwa kama mifugo yako haionekani."

Mzee mmoja akanyanyuka. "Na wale watoto wa matajiri wanaosoma shule ya kulipia pale Kahama, nao serikali inawatolea?"

"Hapana," akajibu Mwalimu Mkuu. "Mtoto wa kule serikali yake ni baba yake."

Watu wakacheka sana, na mimi nikiwa dirishani nilimtazama baba yangu nikaona yeye hata hatabasamu. Alikuwa akifikiria ng'ombe wake.

Basi mwaka ule ule ikatokea rashi. Nadhani mnajua rashi ni kitu gani kwetu. Mtu mmoja alichimba choo porini karibu na kijiji, akasema ameona dhahabu, na wiki haijaisha pori zima limetobolewa. Maduara, ndivyo yanavyoitwa mashimo yao, yalikuwa kila mahali. Likisemekana duara fulani limetema dhahabu, watu waliacha hata ugali jikoni. Wavulana wa darasa letu wakaenda kubeba mawe, wasichana wakaenda kuuza maji na maandazi, na wengine walipewa mifugo wachunge, kwa kuwa kaka zao nao walikuwa mashimoni. Darasani tukabaki wachache, tukipigana vikumbo kwa mazoea tu, ingawa nafasi ilikuwepo. Nilipata nafasi upande mzuri wa kile kitabu, nikagundua siwezi kukisoma sawasawa.

Ndipo habari ikaja kwamba Afisa Elimu atafika kuangalia watoto waliopo kweli, si wa kuandikwa tu. Na kulikuwa na jambo lingine lililoninyima usingizi. Ikionekana tumekuwa wachache mno, darasa la sita na la saba yangehamishiwa shule ya ng'ambo ya mto. Baba alikuwa ameshasema neno lake. "Mto ule ukijaa unazoa hata fahali. Shule ikihamia ng'ambo, Kabula atakaa nyumbani." Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayefunga zizi, na ninyi mnaowajua baba zetu mnaelewa kwamba baada ya hapo hakuna rufaa.

Nilitaka kusoma, jamani. Sijui niseme vipi. Nilitaka kufika darasa la saba kuliko nilivyotaka viatu.

Siku ya mgeni ikafika. Mama alikuwa miongoni mwa wazazi waliopika pale shuleni, wali na kuku wa kienyeji. Afisa Elimu alikuja na gari na dereva, akapita darasa kwa darasa akitikisa kichwa. Mwalimu Mkuu alimfuata nyuma akieleza habari za rashi na machungo. Mgeni hakuwa mtu mkali. Alisema tu, pale nje ya dirisha la jikoni, kwamba haoni namna, kwamba hawezi kuombea ruzuku watoto asiowaona, na kwamba madarasa ya juu itabidi yahamie ng'ambo.

Mama alilisikia hilo akiwa na mwiko mkononi. Akauweka chini. Akakaza kanga kiunoni, akatoka, akapanda kichuguu kilichokuwa nyuma ya shule, akapiga mwano.

Kwa asiyetoka Usukumani nieleze kidogo. Mwano ni yowe la hatari. Ng'ombe wakiibwa, mtu mmoja anapaza sauti, anayemsikia anaipokea na kuipeleka kwa jirani, na kila mwenye miguu anakamata fimbo anakimbilia ilikotokea. Asiyeitikia anatozwa faini na sungusungu, wale walinzi wa kijiji. Na anayepiga mwano wa uongo, huyo hana salama kabisa. Anatoa dume la ng'ombe, linachinjwa, linaliwa na wale aliowasumbua. Sisi dume tulilokuwa nalo la kulimia lilikuwa moja, na Baba alilipenda kama ndugu.

Vumbi likatimka pande zote! Wachimbaji walitoka mashimoni weupe kwa unga wa mawe kama waliofufuka. Wachungaji walikuja na mifugo yao hivyo hivyo. Wanawake walikuja na michi. Na watoto, kama mnavyowajua watoto, walikuwa mbele ya wote, maana mwano ulikuwa tamasha letu. Dereva wa mgeni alipoona fimbo na mapanga yanamjia, aliwasha gari akaondoka, akamwacha bosi wake. Afisa Elimu naye akajifungia katika chumba cha chaki.

Akafika Ntemi, mkuu wa sungusungu, Mzee Masanja, mtu ambaye hata mbwa walimnyamazia. Baba alikuwa kando yake, anahema, fimbo begani.

"Nani amepiga?" akauliza Ntemi.

"Shikamoo, Ntemi," Mama akasema kutoka juu ya kichuguu.

"Marahaba. Ng'ombe wameelekea wapi?"

"Si ng'ombe."

Nilimwona Baba akifumba macho. Najua alichokuwa anakiona: dume lake limelala chini, miguu imefungwa.

"Mama Kabula," Ntemi akasema taratibu, "unaijua sheria."

"Naijua. Ng'ombe mmoja akipotea mnakimbia mpaka Isaka bila kula. Watoto hawa wamepotea tangu rashi ilipoanza, na hakuna aliyeshika hata fimbo. Leo mgeni amekuja kuwatazama. Asiyeonekana hana kitabu, na wa darasa la sita na la saba hana hata shule. Mimi nimeibiwa mtoto, Ntemi. Kama ninyi hamjaibiwa, nendeni mkalichukue hilo dume."

Ntemi alimwita Mwalimu Mkuu, naye akaeleza tena habari ya ruzuku, safari hii kwa Kisukuma. Ntemi akauliza, "Kwa hiyo mtoto wangu akiwa machungoni, anampunguzia kitabu na mtoto wa Mama Kabula?" Mwalimu akasema ndivyo. Ntemi akakuna kidevu. Alikuwa na vijana wake wawili wanaochunga, na kila mtu alijua.

"Kila mwenye mtoto," akasema, "amtoe mbele."

Ndipo nikaliona jambo ambalo mpaka leo sijalisahau. Baba yangu, yule aliyefunga zizi, alikuwa wa kwanza. Alinishika mkono, akanipeleka mpaka katikati ya kiwanja, akanisimamisha, akabaki amesimama nyuma yangu. Kisha wakaja wengine, weupe kwa vumbi la mawe, wenye fimbo, wenye ndoo za maandazi kichwani, mpaka mstari ukapinda ukazunguka choo. Walimu walikuwa wakipiga makofi kama kwenye harusi.

Afisa Elimu akachungulia, akatolewa huku ametapakaa chaki suti nzima. Naye, nimpe haki yake, hakukasirika. Alisema anawaona, na amefurahi, lakini mtoto wa siku moja hamsaidii mtu. Atarudi bila kutoa taarifa, na atakaowakuta darasani siku hiyo ndio atakaowapeleka mbele.

"Atawakuta," akasema Ntemi. Halafu akatoa hukumu papo hapo. Mwano huu si wa uongo. Na kuanzia leo, mzazi ambaye mtoto wake haonekani shuleni amekataa kuitikia mwano, na faini yake ni ile ile. Kuhusu usumbufu, alisema, watu wamekimbia na wana njaa, hivyo Mama Kabula atatoa alichonacho. Basi wali na kuku wa mgeni vikaliwa na sungusungu mpaka sufuria zikang'aa, na mgeni mwenyewe naye akala, amekaa kwenye tofali.

Alirudi kweli, mvua zikiwa zimeanza, bila taarifa, na dereva mwingine. Alitukuta tumejaa mpaka madirishani. Madarasa hayakuhama. Mwaka uliofuata likaja lori na maboksi, nikakabidhiwa kitabu cha Kiswahili kilichonukia rangi, changu peke yangu. Nikakifungua, nikakigeuza miguu juu, nikaanza kusoma kwa sauti. Mwalimu Mkuu alicheka mpaka akafuta machozi. Darasa la saba nilimaliza, nikafaulu, na Baba alichinja mbuzi. Dume halikuguswa.

Tangu siku ile kijiji chetu kilikuwa na mwano wa shule. Kila shule zilipofunguliwa Mama alipanda kichuguu chake, na watu walileta watoto wakikimbia na kucheka. Halafu, sijui lini hasa, ukafifia. Watu wakapata simu.

Siku hizi nauza vitenge Katoro, na binti yangu Neema nimempeleka kwa bibi yake, anasoma pale pale niliposoma. Majirani zangu sokoni hunitania, "Mama Neema, duka lote hilo na mtoto yuko shule ya serikali, umefilisika?" Nawajibu kwamba shule yetu inahitaji vichwa, na mimi nimepeleka kimoja kizuri.

Shule zilipofunguliwa mwaka huu nilikuwa kijijini. Rashi mpya imetokea ng'ambo ya mto. Mwalimu Mkuu wa sasa, kijana mpole naye, alikuwa ametuma tangazo kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Wazazi walijibu kwa dole gumba, wengi sana, na watoto hawakuja. Enzi zetu hatukuwa na dole gumba. Ulikuwa unakuja au unatoa ng'ombe.

Mama alisikiliza habari hiyo, akaomba fimbo yake. Tulimfuata, mimi na Neema, hatua kwa hatua mpaka kwenye kichuguu. Sasa kimepungua, mvua zimekila. Akapanda, akakaza kanga, akapaza sauti, ikakatika njiani. Akajaribu tena, akakohoa. Neema, aliyekuwa anamrekodi bibi yake kwa simu akicheka, akaishusha simu.

Nikavua viatu. Nikapanda kando ya Mama, nikapiga mimi.

Mwanzoni hapakuwa na kitu, ila muziki wa duka moja. Halafu kutoka majarubani mwanamke mmoja akaupokea. Mwingine akaupokea kwake. Muziki ukazimwa. Wa kwanza kufika alikuwa Baba, mzee sasa, fimbo mkononi, anatweta.

"Ng'ombe?" akauliza.

"Si ng'ombe," Mama akamjibu, na Baba akaanza kucheka, akaegemea fimbo yake akicheka.

Kisha tukasikia honi. Bodaboda zilikuwa zinashuka kutoka barabara kuu, nyingine zinatoka upande wa mto, zimejaa watoto, wengine weupe kwa vumbi la mawe. Mama alizitazama mpaka ya kwanza ikaingia kiwanjani.

"Sauti yako nyembamba mno," akaniambia. "Haya, shuka, wapishe watoto wapite."