Meno Niliyomvalisha Mama

Nakumbuka, mwanangu, siku ile mama yangu alipokaa mbele ya sahani ya matoke, ndizi laini za kupondwa, huko Mengo jijini Kampala, nyumbani kwa watu niliotaka wawe wakwe zangu, akafumba mdomo kama mtu aliyekula kiapo. Hakula, hakusema. Nitakusimulia yote, maana juzi uliniambia nivae meno yangu haraka kwa sababu wageni wako walikuwa mlangoni, nami sikukujibu. Jibu langu ndilo hili.

Vita vya themanini na sita vilikuwa vimekwisha, Kampala inaanza kupumua, na sisi vijana kutoka Kisumu tukamiminika kutafuta riziki. Mimi nilikuwa na meza ya mashati ya mitumba katika soko la Owino. Hapo ndipo nilipompata Nansubuga, mama yako. Au niseme yeye ndiye aliyenipata, maana kila wiki alirudisha shati lile lile akidai halimtoshi kaka yake, na baadaye nikaja kujua kwamba hana kaka.

Kwa Waganda huendi kwa baba wa binti hivi hivi tu. Anayekushika mkono ni ssenga, yaani shangazi yake. Ssenga wa mama yako alikuwa mfanyabiashara pale pale sokoni, mkali, mwenye Kiswahili chake alichokiokota kwa wateja. Akaniambia, "Wewe leta mama yako mimi naona yeye. Kama roho yangu nakubali, mimi napeleka wewe kwa kaka yangu. Kama nakataa, imeisha." Nilimpenda mama yako hata usingizi ukanipaa. Kila kitu kilitegemea ziara hiyo.

Sasa, mama yangu hakuwa na meno sita ya mbele, ya chini. Hayakung'oka kwa uzee wala kwa ugonjwa. Kwetu Wajaluo, enzi zile, kijana akifikia umri aling'olewa meno hayo, na pengo lilionyesha kwamba amekua na ana kwao. Mama hakuwahi kulionea haya. Niliyeona haya ni mimi. Pale sokoni watu waliwatania wazee wetu kwa mapengo yao, nami nilicheka nao, Mungu anisamehe.

Basi Mama aliposhuka kwenye basi, hata miguu haijapoa, nikampeleka kwa fundi wa meno ya bandia. Alimjaza mdomo kitu laini mfano wa unga uliokandwa ili kuchukua umbo la ufizi, Mama akakaribia kutapika, machozi yakimtoka. Siku chache baadaye meno yakawa tayari, meupe, yamekaa kwenye plastiki ya waridi yenye vikulabu vya waya vya kushika meno ya pembeni. Fundi akanionya. "Kijana, hii si kiatu. Mdomo nataka muda. Mama ajifunze kuongea nayo kwanza, akule vitu laini, usiku atoe ufizi upumzike. Kama naumiza, rudisha mimi nipunguze." Nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku kesho yake tunatarajiwa Mengo.

Mama aliniuliza neno moja tu. "Wewe ndiye unayetaka?"

"Ndiyo, Mama. Ili wakuheshimu."

Akayapokea, akayatia mdomoni.

Kule Mengo, nyumbani kwake, ssenga alipiga magoti kumwamkia, na unajua salamu za Kiganda, zinaanzia kwa watu wa nyumbani zikaishia kwa ng'ombe. Mama alijibu kwa kichwa. Akifungua mdomo, meno yanainuka na ulimi. Chakula kikaja, matoke na mchuzi wa karanga, akatia tonge, nikaona uso unavyokunjamana kwa maumivu. Akasukuma sahani kando.

"Nnyabo, mama, chakula yangu iko mbaya?" ssenga akauliza. Mama akatikisa kichwa. Ssenga akanigeukia mimi. "Mama yako nakataa mtoto yetu. Mtu anapenda watu, anakula chakula yao. Kale, haya basi, sisi tunaacha hii maneno."

Nansubuga, yaani mama yako wewe, alikuwa ameketi mkekani, na niliona machozi yakidondokea mapajani mwake. Nikataka kueleza. Ningeanzaje bila kusema kwamba nilimwonea haya mama yangu?

Mama akageuka kando, akayatoa yale meno, akayafuta, akayafunga ndani ya leso, akaniwekea mkononi. Kisha akamtazama ssenga, akacheka na pengo lake lote nje.

"Dada, nisamehe. Chakula chako ni kizuri, na huyu msichana nampenda. Kinachonisumbua ni meno ya kijana wangu."

Akamweleza mila yetu. Akasema pia wazee walikuwa na akili, maana mtu akifungwa taya na pepopunda, uji unapata pa kupita. Ssenga alishika shavu, akaangua kicheko, halafu akapanua mdomo wake mwenyewe na kuonyesha kwa kidole huko nyuma. "Bambi, pole dada, hata mimi huku hakuna kitu! Wewe unafikiri kwa nini mimi napika matoke?" Wale wanawake wawili walikula hadi sahani ikang'aa, ssenga akaahidi kunipeleka kwa kaka yake, na mimi sikusikia njaa kwa aibu.

Njiani kurudi kwangu Kyebando, Mama alinikalipia kwa upole ulioniuma kuliko kofi. "Ungeniuliza kama ninayataka. Umenivalisha meno ili wewe usione haya, nusura unikoseshe mkwe."

Usidhani aliyatupa. Harusi ilipokwisha akaniomba mwenyewe tumrudie fundi, naye fundi akayapunguza palipochoma. Mama akajizoeza taratibu, akisoma Biblia kwa sauti, akiyaosha juu ya beseni la maji yasije yakaanguka yakavunjika. Aliyavaa kanisani, kwa kuwa alipenda jinsi nyimbo zilivyotoka. Akifika nyumbani anayatoa. Hakuna aliyemuuliza.

Leo ni zamu yangu, meno ya juu yote ni ya bandia. Wiki za mwanzo nilimrushia mama yako mate kila niliposema neno. Sasa nakula muchomo, nyama ya kuchoma, bila wasiwasi. Lakini asubuhi mama yako hunikuta bado nina pengo, ananiletea chai, tunaongea.

Basi mwanangu, mtu akipoteza meno, mtafutie fundi mzuri, lakini kwanza muulize mwenye mdomo. Akikubali, mpe muda wa kuzoea, na palipochoma mrudishe parekebishwe. Akikataa, keti naye mle hivyo hivyo. Na wageni wako wakija tena, waache waingie. Nikichelewa kuvaa, waambie huyu ndiye baba yangu.

Mungu akujalie meno yako hadi uzeeni. Na yakiondoka, akujalie mtu wa kukuletea chai kabla hujayavaa.