Kikombe cha Muturi

Wariara wa Dundori hangenunua yai bila kulitikisa sikioni. Sasa mtu wa namna hiyo umpeleke kortini, atamwamini nani?

Alikuwa akikamua katika shamba moja kubwa la ng'ombe hadi alipofutwa kazi, eti ameiba maziwa. Akashtaki. Korti ya kazi ikasema hakuiba, na kanisani waliokuwa wameacha kumpa mkono wakaanza tena. Halafu tajiri mwenye shamba akakata rufaa, na mikono ikarudi mifukoni.

Wakili wake, Bi Adongo, alimweleza kwamba wanaweza kuipinga rufaa, au wakubaliane na tajiri nje ya korti. "Lakini kwenye rufaa, mama, hutasimama kusema. Majaji watasoma yaliyosemwa kwenye korti ya kwanza."

Asiseme? Ala! Hata wazee wa kanisa wakirudia kesi, mtu hueleza upya. Na si juzi alimwona Adongo akila samosa na wakili wa tajiri, wakicheka kama watoto wa mama mmoja? Huyu amenunuliwa, Wariara akajiambia.

Jioni moja akaja Muturi, msimamizi wa shamba, na sukari mkononi. Wariara alimshuku pia, lakini huyu angalau walisali kanisa moja. Akammiminia chai.

"Mama Wariara, tuyamalize. Jumatatu urudi kazini. Wewe kubali tu ile hukumu iondolewe."

"Ikiondolewa, si nabaki mwizi?"

"Aah, jina halikamuliwi! Hata mimi najua hukuiba."

Wariara akaweka birika chini. "Umejua tangu lini?"

Muturi akakoroga chai. "Tangu siku ile uliyofutwa."

"Basi Jumapili simama kanisani useme hivyo, nami nitakubali."

Muturi aliikodolea chai mpaka ikafanya utando. Kisha akaaga, kikombe hakijafika nusu. Kwa Wariara mgeni haachi chai, labda awe anajifukuza mwenyewe. Sukari yake akamkimbilia nayo hadi langoni.

Asubuhi akampigia Adongo simu. "Muturi aitwe, aseme aliyoniambia."

"Rufaa haiiti mashahidi, mama. Nilikwambia."

Zile samosa bado zilimkera Wariara.

"Haya, kuleni samosa zenu. Lakini nje ya korti sikubaliani na mtu. Na pale niliposema sikuiba, wakili, uwasomee majaji. Usome kwa sauti. Muturi atakuwa amekaa nyuma na tajiri wake, akisikia."