Mtu Aliyepunguza Upepo

Juma lililopita nilipigiwa simu kutoka Busale, kijijini kwake, nikaambiwa kwamba yule rafiki yangu wa pikapu ametutoka. Amekufa mzee, kitandani kwake, baada ya kunywa chai na kuilalamikia sukari. Nilifika msibani nikiwa na huzuni yangu ya haki kabisa, lakini haikudumu. Madereva walioleta waombolezaji walikuwa wamesimama mmoja mmoja kwenye kona kabla ya nyumba yake, wameinama, wanakagua upepo wa matairi. Nilipowauliza kulikoni, mmoja wao alijibu kwa aibu kidogo, "Mazoea tu, kaka. Tumezoea kwamba hapa huingii na tairi la ovyo." Basi tukacheka pale barabarani, na mimi nikaingia kutoa pole nikiwa bado nafuta macho kwa kicheko.

Wasomaji wangu wasiomfahamu niwaambie alikuwaje. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya kuvukisha mto, mbishi, na alisalimia gari kabla ya kumsalimia mwenye gari. Ungemwambia "Ugonile, tata," naye angekuwa tayari amechuchumaa anapapasa tairi lako la mbele kuona linaliwa upande gani. Harusini aliwahi kumtoa bwana harusi mezani kwenda kumwonyesha kwamba gari la maharusi linavuta kushoto. "Utamfikishaje mke nyumbani na hili? Linataka kwenda kwa jirani!" Bwana harusi akacheka, bibi harusi hakucheka. Mimi nilikuwa mpangaji wa chumba jirani na nyumba yake ya mjini Kyela, karani wa makaratasi ya forodha kule Kasumulu, nisiyejua tairodi wala springi, na labda ndiyo sababu alinipenda. Nilikuwa mtu pekee asiyeweza kubishana naye.

Hayo ninayotaka kusimulia yalitokea miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa. Kabla ya hapo, pikapu yake ilibeba mpunga wa ushirika msimu baada ya msimu, na hakuwahi kutafuta kazi kwa sababu kazi ilimjua. Ghafla kila mwenye fedha akaruhusiwa kununua mpunga, ushirika ukapooza, na magari yaliyotumika Japani yakajaa mjini kama uyoga. Pikapu ya rafiki yangu ikabaki kibandani, kuku wakaanza kuipanda. Mkewe, mama mwenye maneno machache yanayotosha, alivumilia mpaka akachoka. Alikuwepo mfanyabiashara wa upande wa Malawi, shemeji yao wa mbali, aliyekuwa akija kuizungukazunguka ile pikapu. "Baba," mke akamwambia mbele yangu, "kama msimu huu haitapata kazi, inavuka mto Songwe. Sitafuga chuma." Rafiki yangu hakubisha. Ndipo nilipojua kwamba mambo yamekuwa mazito.

Bahati ikaja kwa mlango wa ajabu. Mnunuzi mmoja wa mpunga, mgeni mwenye utani mwingi, alitaka gari moja la kumbebea mzigo msimu mzima, na madereva wakagombana mpaka wakashikana mashati. Akawaambia, "Mashindano! Atakayeshinda ndiye wangu." Likachaguliwa shamba moja lililokwisha kuvunwa, udongo umekauka na kupasuka, vikachomekwa vigogo vya migomba kuonyesha kona, na yakatangazwa mashindano ya kuzunguka. Wenye magari mapya wakaanza kujaza upepo mpaka matairi yakawa magumu kama jiwe, maana huku kwetu inaaminika kwamba tairi gumu ndilo linalokimbia. Rafiki yangu akaenda kinyume. Alimwaga majivu ya pumba za mpunga uani, akapitisha gari juu yake, akasoma alama. "Likikanyaga kwa katikati tu, upepo umezidi, litarukaruka. Likikanyaga kwa pembeni, umepungua, litalala kwenye kona. Nataka likanyage lote." Akapunguza, akapitisha tena, akapunguza. Majirani waliopita walimpa pole wakidhani amepata pancha.

Kisha likaja suala la kunyoosha magurudumu. Alinipa ncha ya uzi wa nailoni wa nyavu, nikaushikilia kwenye gurudumu la nyuma, naye akauvuta mpaka la mbele, anapima nafasi kwa spoku ya baiskeli. Akapima mara ya pili, akatupa spoku chini. Gari lilikuwa limepangwa kwa mzigo. Magunia yakiwemo, springi zinashuka na magurudumu yanatazama mbele sawasawa. Likiwa tupu, yanatazamana kama watu wanaogombana. Na tairodi, kile chuma cha kurekebishia magurudumu ya mbele, ilikuwa imeshikwa na kutu. Akiilazimisha ingekatika, na nyingine mjini hapakuwa nayo. Alikaa chini, akaniangalia, akasema, "Nimelipanga hivi maisha yangu yote. Hili gari halijui kwenda peke yake." Siku ya mashindano akamwendea mnunuzi, akaomba aruhusiwe kukimbia na mzigo. Mnunuzi akacheka mpaka akashika mbavu. "Beba hata kanisa, mzee!"

Magunia hayakupatikana, kwani nani angetoa mpunga wake ukarushwerushwe shambani? Basi akawageukia akina mama wauza vyungu, rafiki za mkewe, waliotoka sokoni Lyulilo wakaja kutazama. Aliwapanga nyuma kwa macho kama anavyopanga magunia. "Wewe mama, juu ya gurudumu la kulia. Wewe, mbele kidogo. Karani, nenda kushoto, wewe ni mwepesi, kaa na huyu." Mmoja wao alikuwa na chungu kikubwa cha wafinyanzi wa Kikisi, kimeletwa kwa mtumbwi kupitia ziwani, na hakukubali kukiacha kwenye umati. Akapanda nacho mapajani. Mkewe akapanda mbele, amekunja mikono. "Kama nauza," alisema, "niione mara ya mwisho inavyokwenda."

Ilipopigwa filimbi, magari mapya yaliruka kwelikweli. Yalirukaruka kwenye nyufa kama panzi, yakateleza kwenye kona, moja likang'oa kigogo cha mgomba na kuondoka nacho. Sisi tulikwenda. Sina neno jingine. Gari lilikamata ardhi, likakunja kona bila kutuyumbisha, akina mama wakaanza kwa kupiga kelele za woga, wakamaliza kwa kuongea habari za bei ya dagaa. Tulipitwa na kila gari. Kijana mmoja mwenye gari jekundu alishinda kwa haki, na sisi tukaingia wa mwisho, watu wanazomea kwa furaha. Rafiki yangu alizima gari, akaegemeza kichwa chake kwenye usukani, asitake kushuka. Nilimwonea huruma, maana nilijua sasa gari linavuka mto.

Nyuma, yule mama alikuwa anakigeuza chungu chake, anakigonga kwa kidole, anasikiliza. Akamtazama mwenzake. "Gwe, hakina hata ufa." Kwenye malori walikuwa wanafikisha nusu ya vyungu mjini, nusu vigae. Akashuka, akaenda dirishani kwa dereva. "Ndaga fijo, tata," akamshukuru. "Siku ya soko uje Lyulilo asubuhi. Tutakuwa wengi." Rafiki yangu akainua kichwa, hakuelewa. Mkewe alielewa kabla yake. Shemeji wa Malawi alipokuja tena, alimkuta mke huyo uani anaosha pikapu kwa mikono yake mwenyewe. "Haiuzwi," akamwambia, "ina watu."

Wale akina mama rafiki yangu alisafiri nao mpaka macho yalipomkatalia kuendesha, na msibani walikaa mstari wa mbele, wazee sasa, wanalia na kutaniana. Nami nikawa nafikiri juu ya miaka ile. Tulipoambiwa soko ni huru, wengi wetu tulijipima tukiwa watupu, tukajaza upepo, tukarukaruka kuwapita wenzetu, na baadhi tuliondoka na migomba ya watu. Yeye alikuwa na ukaidi wa kujipima akiwa na mzigo wake wote juu, mke, jirani na chungu cha mtu. Alishindwa mbele ya Kyela nzima, huku riziki yake ya miaka yote iliyobaki imekaa mgongoni mwake inaongea bei ya dagaa. Siku hizi nikimaliza jambo lolote, kabla sijauliza nimekuwa wa ngapi, nageuka nyuma kuona kama niliokuwa nao bado wamekaa.