Mwenda Angali Anagonga

Walifunika shimo wakati watu walikuwa wangali wanagonga. Nilisikia na masikio yangu. Chini ya udongo, ku miti ya kushikilia dari, mutu alikuwa anapiga na jiwe: nzito, nzito, nyepesi, nzito. Ilikuwa jina ya Mwenda, jina yake ya ngoma. Kapita Bitasimwa, musimamizi wa wachimba mawe, alisikia pia. Akaambia watu wa beleshi: "Mwageni udongo tu. Iko maji inadondoka mule."

Ninyi vijana hamujue kazi yetu. Mimi nilikuwa mupiga ngoma, si ile ya ngozi ya kuchezea ndoa. Yetu ni gogo nzima, imechimbwa ndani kupitia mudomo mwembamba. Upande moja wa mudomo sauti ni nzito, tunaita mwanaume. Ule mwingine ni nyepesi, mwanamuke. Kwa hizo mbili unaongea na mutu wa mbali. Kwetu mu pori ya Walikale kila mwanaume alikuwa na jina ya ngoma. Mwenda alikuwa Mwenye Kuvuka Muto na Nguo Kavu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa Karuba, kwa muzungu mwenye mashamba ya pareto. Aliniuliza kama naweza kuita watu bila kengele. Nikapiga. Mulima haukuonekana kwa ukungu, lakini watu wakaanza kutokea mule ndani, kichwa kwanza, kisha miguu. Yule muzungu alirudi nyuma kidogo. Kesho yake akaniandika kazi.

Kisha nikarudi kwetu, ku mine ya mawe ya etain, yale ya kutoa bati. Direkta wake, muzungu, tulimuita Kizibo, kwa sababu ya shingo yake fupi. Mukubwa wa ngoma alikuwa Papa Musafiri. Ni yeye alinifundisha sheria: mutu akikufa, unapiga jina yake, kisha unaifunga ku mulango wa kaburi: unapiga fimbo mbili pamoja, mwanaume na mwanamuke. Jina isipofungwa, mwenyewe hajue kama amekufa. Ukimuita kazini, anaitika.

Mu musimu wa mvua Mwenda, mwenye kuchimba mule chini, alimwambia kapita kama miti ya shimo inalia.

"Muti haina mudomo, Mwenda," Bitasimwa akamucheka.

"Uliza wapiga ngoma, Papa."

Ndani ya yenga ile, siku saba hazijaisha, dari ikaanguka juu ya Mwenda na wenzake wawili, Bakungu na Shabani. Muzungu wa serikali alikuwa njiani kuja kukagua, na Kizibo hakutaka aone ile miti yenye kuoza. Akaamuru shimo ifunikwe, akatangaza kama wale watatu wametoroka kazi. Bitasimwa akashuhudia kama aliwaona wanakimbia. Basi polisi wakashika Mama Feza, bibi ya Mwenda, wakamufunga mpaka bwana yake arudi. Arudi kutoka wapi?

Hatukuwa na bunduki, hatukujua kuandika. Papa Musafiri akasema, "Tutapiga majina, na hatutafunga." Asubuhi, tulipomaliza wito wa kazi, tukapiga yote tatu. Kila mutu wa kwetu alielewa: hawa wamekufa, na hakuna aliyewazika. Kisha udongo ukajibu. Mara tatu, kila mutu na jina yake. Watu wakaweka beleshi chini. Asubuhi ingine wakajibu wawili. Kisha Mwenda peke yake.

Kizibo akauliza ngoma inasema nini. Bitasimwa, mwana wa kwetu mwenye kuelewa kila pigo, akamujibu kama tunaita kazi tu. Lakini ngoma za vijiji zilishapokea majina, zinapeleka mbele. Mama Feza akasikia jina ya bwana yake mu gereza, akaanza kulia kilio cha mujane. Polisi mwenyewe akavua kofia. Hakuna mutu aliyeshuka tena mu shimo yoyote mpaka yule mama akafunguliwa.

Walitulipisha. Ngoma ikachomwa. Papa Musafiri akachapwa fimbo mpaka hakuamuka tena. Mimi nikavunjwa vidole, nikafukuzwa mpaka huku Kashuga. Na Bitasimwa akasawazisha mulango wa shimo, akapanda migomba juu, hata wajane wasijue mahali.

Kazi nimeacha. Nimechonga ngoma ndogo, naipiga na vidole vilivyobaki, habari za kanisa na za kilio. Tangu nifike huku sijapiga jina ya Mwenda hata mara moja. Lakini nikimaliza kupiga, chini ya sakafu inakuja: nzito, nzito, nyepesi, nzito. Bibi yangu anasema ni panya. Panya gani anajua jina ya mutu?

Kizibo alirudi kwao Ulaya. Bitasimwa iko Kirotshe, mu nyumba ya mabati karibu na ziwa, na watu wanamuamukia Papa. Mama Feza angali anaishi, amezeeka, hajapata kaburi ya kupigia magoti. Bitasimwa, usiniambie habari ya maji. Simama mbele ya yule mama, umuonyeshe mulango wa shimo iko chini ya mugomba gani. Mimi nitakuja na fimbo mbili.