Kuhusu Zile Glavu Zilizoanikwa Uani Kwetu

Mwanangu hajawahi kufungwa mikono kwa ajili ya wizi, wala kichaa hakijamwingia. Nalisema hili kwanza kwa sababu jirani wa ukuta wa pili, aliyeziona glavu za kitambaa kizito zikining'inia kwenye kamba yetu, alikwisha kulitangaza sokoni kabla hazijakauka. Wengine wakaongeza kwamba watafiti wa kliniki walitufukuza kwa sababu tuliwadanganya. Wanasema lisemwalo lipo. Sawa, lilikuwepo, ila si hivyo walivyolisema.

Mwanangu ni fundi cherehani katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, kama marehemu baba yake. Kwa miaka kumi na minane hakuna mteja aliyerudisha nguo kwa mshono uliofumuka. Ana udhaifu mmoja tu, wenye umri wa miaka sita, nao tunauita Waziri.

Waziri, mjukuu wangu wa kike, alizaliwa na mtindio wa ubongo. Akili yake ni wembe na ulimi wake hauna likizo, ila mkono wa kushoto hukaa umekunja ngumi kifuani kama umeficha siri. Wala hakuwa na haja nao. Alinyoosha kidole cha mkono wa kulia tu, na baba yake akaacha cherehani katikati ya mshono: kikombe kikaletwa, ndizi ikamenywa, vifungo vikafungwa.

Mwaka wa shule ukakaribia. Mwalimu mkuu alituambia waziwazi kwamba darasa la kwanza lina watoto sitini na mwalimu mmoja; asiyeweza kujifunga vifungo vya sare akitoka msalani atasubiri mwaka mwingine. Waziri, aliyekwisha kujichagulia kiti cha mbele, alilia siku nzima.

Ndipo tukaingia kwenye utafiti. Mtaalamu wa viungo pale kliniki alieleza kwamba walikuwa wanalinganisha njia mbili. Watoto wa kundi moja wangecheza michezo ya mikono miwili. Wa kundi la pili wangevalishwa glavu kwenye mkono usio na tatizo, saa tatu kwa siku, wiki nne, ili ule mvivu ulazimike kuamka. Kila mzazi alichukua bahasha, na ya kwetu ilisema glavu. Tukaweka saini kwamba hatutamwambia mtu kundi letu, maana mpimaji wa mwisho hakutakiwa kulijua, naye anaishi mtaa wetu. Ndiyo maana nilinyamaza sokoni mwezi mzima, mimi niliyefundisha sarufi miaka thelathini. Kusema kweli, uvumi wa wizi ulitufaa: mpimaji naye aliuamini.

Glavu aliishona mwanangu mwenyewe, ya jinzi, isiyo na vidole. Wiki ikapita bila chozi. Siku ya nane niliingia chumba cha mbele ghafla nikaukuta mkono wa kulia uko nje unamenya ndizi, glavu iko mapajani. Niliipeleka dirishani. Lastiki ilikuwa imeachiwa upana wa vidole viwili zaidi, na mshono wa ndani umepigwa kwa ustadi ili usionekane. Fundi kama yule hakosei lastiki.

"Umeishona hivi makusudi?"

"Mama, ikimbana analia."

Nilimuuliza atamfunga vifungo mpaka lini, mpaka siku ya harusi yake? Akanijibu kwa methali, kama alivyozoea baba yake akibanwa, kwamba mkono mmoja haulei mwana.

"Haulei," nikamwambia, "lakini yako miwili inamdumaza."

Waziri akauliza kudumaza ni nini.

Sasa, daftari la kliniki lilikuwa na siku saba za saa tatu tatu, kwa mwandiko wangu. Kusema ukweli huenda kungetuondoa kwenye utafiti, na vifungo vikaondoka nasi. Lakini katika nyumba hii haiandikwi namba isiyo ya kweli. Nilizikata zote kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni, "Glavu ililegea, kosa la fundi," nikalipeleka mwenyewe. Hatukufukuzwa. Mtaalamu alisoma, akacheka mpaka akavua miwani, akasema siku zile zitahesabiwa kama zilivyo, nasi tuendelee. Kisha akatoa ushauri: ishonwe glavu mpya ya mtoto, na jozi moja ya baba.

Hivyo ndivyo mtu mzima alivyokaa kila alasiri mikono ndani ya jinzi, cherehani kimya, akimtazama binti yake akipigana na kifuniko cha kopo. Siku za kwanza alilia yeye zaidi. "Pole baba," Waziri akamwambia, "utazoea."

Siku ya kupimwa, mpimaji aliweka shati mezani. Mkono wa kushoto ulitoka kifuani taratibu, ukashika upindo na kuuzuia. Wa kulia ukasukuma. Vifungo vinne vilifungwa, kila kimoja kwenye tundu lisilo lake, shati likapanda upande mmoja kama mlango uliolegea bawaba. Baba yake alikuwa ameikalia mikono yake. Mwalimu mkuu naye, alipoonyeshwa, alisema kufunga ni kufunga. Waziri ana kiti cha mbele.

Njia ipi kati ya zile mbili ni bora, watafiti bado wanahesabu, nami siwatangulii. Na kwa jirani anayeendelea kuuliza ile jozi ya pili ya mtu mzima kwenye kamba, yenye maua madogo, ilikuwa ya nani, na kwa nini wiki zile chai ya kwetu, ninayoimimina mimi siku zote, ilimiminwa na mkwe wangu, mama yake Waziri, peke yake: sisemi.