Sanduku la Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipokuwa anarudi likizo ya Pasaka kutoka shule ya masista, baba aliniambia twende wote Moshi kumpokea. Nilifurahi, kwa sababu mjini nilikuwa sijafika zaidi ya mara moja. Kisha akanieleza sababu. "Ana sanduku," alisema, "na wewe una shingo imara."

Tulimpokea, tukalala mjini kwa fundi cherehani mmoja Mwislamu, rafiki wa baba wa siku nyingi. Asubuhi tukaamkia mvua. Malori ya kwenda Himo hayakutoka, barabara ilikuwa tope tupu, na baba hakutaka kukaa siku nyingine kwenye nyumba ya watu. Akaamua tupande kwa miguu mpaka kwetu Kilema, kwa njia ya juu inayopita migombani. Mke wa fundi alinisokotea kanga kuukuu iwe ngata, akaniwekea sanduku kichwani, akanitazama usoni na kusema, "Pole, mwanangu."

Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Masista walipokuja parokiani kutafuta wasichana wa kusoma, baba aliweza kumtoa mtoto mmoja tu. Mama alikuwa mjamzito, ng'ombe walikuwa wanalishwa ndani, na mimi nilikwisha kujua kukata majani na kubeba mkungu. Basi akaenda mdogo, kwa kuwa hakuwa na kazi. Hakuna aliyesema sina akili. Mikono yangu tu ndiyo iliyokuwa na faida nyumbani.

Mwavuli ulikuwa mmoja, na baba aliushika juu ya mdogo wangu. Walitembea mbele, mimi nyuma. Mvua ilipiga bati la sanduku mpaka nikawa sisikii vizuri, ila niliyoyasikia yalinitosha: kitanda chenye shuka, kufuma sweta, sista mmoja mnene aliyeogopa vyura. Baba alicheka. Kicheko kile sikuwahi kukisikia nyumbani, na nilikuwa naishi naye kila siku. Njia ilipoanza kuteleza, mdogo wangu alivua viatu, na baba akavichukua akavificha ndani ya koti lake. Viatu vile vilifika Kilema vikavu. Mimi maji yalinitiririka mgongoni kuanzia Kiboriloni.

Tulipofika Kirua mvua ilizidi, tukaomba kujikinga kwenye nyumba moja iliyokuwa kando ya mfereji. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo. Alimpa baba pombe ya mbege, akamvutia mdogo wangu kigoda karibu na moto, akaanza kupakua mtori. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, sanduku bado liko kichwani, kwa sababu hakuna aliyenitua.

"Na huyu msichana wenu wa kazi," yule mama alimwuliza baba, "nimpe chakula hukohuko mlangoni? Miguu yake ina matope mengi."

Baba alikuwa anakunywa. Nilimtazama. Alimeza, akafuta masharubu kwa kiganja, na mpaka leo sijui kama alichelewa kwa ajili ya mbege au kwa jambo lingine. Aliyesimama ni mdogo wangu.

"Huyo ni dada yangu, mama," alisema. "Ndiye mkubwa wetu."

Akaja akanitua sanduku, akanishika mkono mpaka kwenye kigoda chake, yeye akakaa chini. Yule mama aliniomba radhi sana, akanijazia bakuli. Nilikula bila kuinua uso. Watu wangedhani nilimshukuru mdogo wangu. Ukweli ni kwamba sikuwahi kumwonea wivu kama dakika ile. Shuka na sweta ningeweza kuvivumilia. Lakini hata kunitetea alikuwa nako yeye, kwa sauti ile nyororo iliyosikika nyumba nzima, na mimi nilitamani mambo yageuke, niwe mimi niliyekaa karibu na moto na yeye aliyesimama mlangoni, ili nimtetee.

Tulipotoka, baba aliinama, akajitwika sanduku mwenyewe. Mwavuli alituachia sisi wawili. Njia nzima iliyobaki alitembea mbele yetu, kofia yake imelowa na kulegea.

"Likizo hii nikufundishe kusoma," mdogo wangu aliniambia chini ya mwavuli.

"Sina nafasi."

"Jioni, tukishakula."

"Nimesema sina nafasi."

Hakunisihi. Nyumbani akawageukia wadogo zetu wa kiume. Kila jioni aliwaandikia herufi kwa mkaa kwenye ubao wa mlango, nao wakazisoma kwa kelele. Mimi nilikuwa upande wa pili, nakatakata migomba ya ng'ombe, mgongo nimewapa. Lakini nilikuwa nageuka. Akiondoka kuteka maji nilikwenda mlangoni nikazipitishia herufi zile kidole kabla hazijafutwa. Likizo zilizofuata alifanya hivyohivyo, nami nikafanya hivyohivyo. Sikutaka ajue. Nilitaka kiwepo kitu kimoja ambacho hakunipa yeye.

Jumapili moja, miaka kadhaa baadaye, tulikaa pamoja kanisani. Alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo katikati yetu, kwa adabu tu, akinionyesha mstari kwa kidole kama unavyomwonyesha mtoto. Ubeti ulipofika mwisho wa ukurasa, niligeuza mimi, kabla yake.

Aliacha kuimba, akanitazama.

"Tangu lini?" alininong'oneza.

"Imba," nilimwambia.